Namna ya kuweka lengo wakati bado unaogopa

Ninafundisha hesabu watu wazima, darasa la jioni, wakishatoka kazini. Wapo wanaotaka kufanya mtihani walioukwepa ujanani, wapo wanaotafuta kazi inayodai cheti, na wapo wanaotaka tu kumsaidia mtoto kazi za nyumbani bila kumwambia "kamuulize mwalimu wako". Kabla hatujagusa namba yoyote, huwa nawaomba waandike wanachokitaka. Hapo ndipo penye kazi. Mtu aliyelea familia, aliyesimamia wafanyakazi, aliyevuka misiba, anashika kalamu na kuandika "nijue hesabu kidogo", kisha anaifunika karatasi kwa kiganja ili jirani asiisome. Anataka makubwa kuliko hayo, ila ameshajipunguzia kabla hajaanza, akikwepa aibu.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo. Ninachoamini, baada ya kukaa na wengi wa aina yake, ni kwamba ujasiri hufuata kitendo. Anayengoja hofu imwishe ndipo apange lengo atangoja sana, maana kinachopunguza hofu ni mambo madogo aliyokwisha kuyafanya kwa mkono wake, na hayo hayapatikani kwa kungoja. Tunasema penye nia pana njia. Darasani nimezoea kuona njia ikitangulia: mtu akiiona hatua moja anayoiweza, ndipo nia inapoamka. Kwa hiyo yote nitakayoeleza yanalenga kukufikisha kwenye hatua hiyo mapema, ukiwa bado unatetemeka. Mifano yangu mingi ni ya hesabu kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Wewe weka lako mahali pake, iwe ni kuogelea, kuandika kitabu, kusimama mbele ya watu au kuomba kazi unayoiona kubwa kuliko wewe.

Ni hofu au ni shaka?

Watu huniambia "naogopa" wakiwa na maana mbili, na kila moja ina tiba yake. Hofu inahusu yatakayotokea: nitachekwa, nitapoteza fedha, nyumbani wataniambia "si tulikwambia?" Shaka inamhusu mtu mwenyewe: kichwa changu hakishiki, sina nidhamu, umri umeshakwenda. Mwenye hofu husaidika akipanga atakachofanya jambo lile likitokea. Mwenye shaka mpango huo haumgusi. Yeye anahitaji ushahidi.

Jipime hivi. Lichukue lengo lako, kisha ujiambie: tuseme nimehakikishiwa kwamba hata nikishindwa hakuna atakayejua, na sitapoteza kitu. Je, moyo bado unasita? Ukisita, shaka ndiyo inayokuzuia. Ukichangamka mara moja, ilikuwa hofu. Wengi wetu tunavyo vyote viwili, lakini daima kimoja huwa kizito zaidi, na ni vizuri kujua cha kuanza nacho.

Kuhusu shaka, yupo mwanasaikolojia ambaye kazi yake imenisaidia kuliko ya mwingine yeyote. Mwaka 1977 Albert Bandura, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha makala kuhusu imani ya mtu kwamba anaweza kulifanya jambo fulani. Alieleza kwamba imani hiyo hutoka sehemu nne: kulifanya jambo lenyewe ukafanikiwa, kumwona mwingine akilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi unavyoitafsiri hali ya mwili wako wakati wa kulifanya. Ile ya kwanza ndiyo yenye nguvu kupita zote. Yeye na wenzake walifanya majaribio na watu waliokuwa na hofu kali ya nyoka. Waliosaidiwa kumsogelea nyoka hatua kwa hatua mpaka wakamshika wenyewe walijenga imani kubwa kuliko waliomtazama tu mtu mwingine akimshika.

Angalia maneno ya kutia moyo yalipo kwenye orodha hiyo. Ndiyo tunayopeana kwa wingi, "utaweza tu, usiogope", na kumbe ni msaada dhaifu yakisimama peke yake. Jambo la pili ninalolichukua kwa Bandura ni kwamba imani hiyo ina mahali pake. Fundi anaweza kuwa na uhakika kamili mbele ya cherehani, na dakika hiyohiyo akaishiwa nguvu mbele ya sehemu na desimali. Kwa hiyo mtu akiniambia "mwalimu, mimi sijiamini", namwuliza: kwenye nini hasa? Jibu likiwa "kwenye kugawanya namba yenye tarakimu tatu", tumeshapata pa kuanzia. "Sijiamini" peke yake haina pa kushikwa.

Iandike hofu mpaka mwisho wa sentensi

Chukua karatasi na uandike unachokiogopa. Usiishie kwenye "naogopa kufeli", kwa kuwa kila mtu anaogopa kufeli na sentensi hiyo haikuelezi chochote. Endelea kujiuliza "halafu itakuwaje?" mpaka sentensi ipate mtu, mahali na tukio. Mzee mmoja aliyekuja kwangu alianza na "naogopa kuonekana mjinga". Tulipoendelea ilifika hapa: "Naogopa mjukuu wangu ataniletea daftari mbele ya wageni, nami nitashindwa." Hilo lina suluhisho. Unaweza kumzoesha mtoto kwamba kazi za shule tunafanya saa fulani, mezani, wageni wakishaondoka. Hofu aliyokuja nayo ilikuwa kubwa kuliko nyumba yake. Aliyobaki nayo ilihitaji mpango wa dakika chache.

Ukishaifikisha mwisho, andika chini yake mambo mawili: likitokea nitafanya nini, na nani ninaweza kumwomba msaada. Basi. Usianze kujibishana na hofu kwa hoja za matumaini.

Mara nyingine ukiifikisha hofu mwisho unagundua kwamba inasema kweli. Dada mmoja, msaidizi wa wauguzi, alitaka kusomea uuguzi kamili. Karatasi yake ilisema: "Naogopa nitakosea dozi nimuue mgonjwa." Wenzake darasani walikimbilia kumtuliza, na mimi niliwaomba wanyamaze, kwa sababu hofu hiyo ni ya mtu mwenye akili timamu na moyo wa kazi. Kosa la desimali kwenye dawa linaweza kuzidisha dozi mara kumi. Hofu yake ilikuwa imetaja kwa usahihi kitu anachopaswa kujifunza kwanza. Hofu ya namna hiyo haipaswi kufukuzwa. Igeuze iwe mada ya kwanza ya masomo yako.

Kuhusu kuandika kwenyewe, watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha mwaka 2011 matokeo ya majaribio ambamo wanafunzi waliandika wasiwasi wao kwa dakika 10 muda mfupi kabla ya mtihani. Waliofanya hivyo walipata alama nzuri zaidi, na waliofaidika hasa ni wale ambao kwa kawaida hulemewa na wasiwasi wa mitihani. Maelezo yao ni kwamba wasiwasi hula nafasi ya akili inayotakiwa kufanya hesabu, na kuuandika kunairudisha nafasi hiyo. Sisemi kwamba ni dawa ya kila mtu. Nasema ni dakika 10 na kalamu, na darasani kwangu tunafanya hivyo kabla ya kila jaribio.

Sasa liandike lengo

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri mwingi unaosambaa, ule wa kuota makubwa, kuweka tarehe na kuutangazia ulimwengu. Una msingi wake. Edwin Locke, aliyechapisha kuhusu malengo mwaka 1968, na Gary Latham aliyeshirikiana naye kwa miaka mingi, walionyesha kwamba lengo mahususi na gumu humfanya mtu atende vizuri kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo". Lakini utafiti uleule uliendelea, na ukagundua kwamba kwa kazi ngumu ambayo mtu bado hajaijua, lengo la kujifunza hufaa kuliko lengo la kupata matokeo fulani. Sehemu hiyo ya pili huwa haisimuliwi, na ndiyo inayomhusu mwenye shaka. Ukimpa alama za kulenga kabla hajapata mbinu, kila zoezi linakuwa hukumu. Akili yote inakwenda kwenye "nimepata ngapi?" na hakuna inayobaki kuuliza "nimefanyaje?"

Kwa hiyo, kwa miezi ya mwanzo, andika lengo linaloanza na "niweze". Yule dada alikuwa ameandika "kuwa muuguzi". Ni ndoto njema, na tuliiacha juu ya ukurasa. Chini yake tukaandika: "Niweze kukokotoa dozi ya dawa ya maji kutoka kwenye maandishi ya chupa, na kulikagua jibu langu kwa njia ya pili." Sasa unaweza kuona anachopaswa kufanya jioni ya leo. Chupa inasema miligramu 250 katika mililita 5, daktari ameandika miligramu 400. Njia ya kwanza: 400 gawanya kwa 250, zidisha kwa 5, unapata mililita 8. Njia ya pili: kila mililita moja ina miligramu 50, na katika 400 hamsini inaingia mara nane. Majibu yamekutana. Na kukagua kwa njia ya pili ndiko kulikojibu hofu yake ya kuua mtu, moja kwa moja, bila mtu kumhubiria ujasiri.

Fanya hivyohivyo na lako. "Kuwa mwandishi" ibaki juu. Chini andika "niweze kumaliza ukurasa mmoja wenye mazungumzo ya watu wawili yanayosikika kama ya watu halisi". "Kuacha kuogopa maji" ibaki juu; chini andika "niweze kutoa pumzi nikiwa nimeinamisha uso majini, kisha kuinuka bila kuhema". Epuka pia lengo linaloanza na "nisi-": nisifeli, nisiaibike, nisirudie. Hilo hukulazimisha kutazama siku nzima kitu kilekile unachokikimbia, na hata ukifanikiwa huna cha kuonyesha.

Hatua inayofanyika ukiwa unatetemeka

Chagua hatua ya kwanza ndogo kiasi kwamba hata siku mbaya utaifanya. Swali moja. Sentensi tatu. Simu moja. Watu huona haya kuandika hatua ndogo namna hiyo, wanadhani wanajidharau. Kumbuka kazi yake: hatua hii haikupeleki mbali, inakupa ushahidi wa kwanza.

Kisha uifunge hatua hiyo kwenye tukio ambalo tayari lipo maishani mwako. Peter Gollwitzer ametafiti mipango ya aina ya "kama hili, basi lile". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya tafiti 94 na kuona kwamba mipango hiyo huwasaidia sana watu kutimiza walichokusudia, kuliko kukusudia tu. Sababu ni nyepesi kuielewa: uamuzi umeshafanyika mapema, kwa hiyo muda unapofika hakuna tena mjadala ambamo hofu inaweza kupata kura.

Andika mipango miwili. Wa kwanza ni wa kuanza: "Nikishaweka simu kwenye chaji jioni, nitakaa mezani nifanye swali moja." Wa pili ni wa wakati hofu inapopanda, na huu watu huusahau: "Nikiona swali refu na moyo ukaanza kwenda mbio, nitaandika kwanza vitu vilivyotolewa na swali, kimoja kwa kila mstari." Mpango wa pili lazima uwe na kitendo cha mkono. "Nitatulia" haufai, kwa kuwa hakuna ajuaye kutulia kwa amri. "Nitapiga mstari chini ya namba zote" unafaa.

Ukiwa hujui uweke nini kwenye "kama", tumia alichokionyesha Gabriele Oettingen: fikiria kwa dakika moja unavyotaka iwe, kisha mara moja fikiria kikwazo cha ndani kinachoweza kukuzuia, halafu hicho kikwazo ndicho kiwe "kama" yako. Katika tafiti zake, kuota mafanikio peke yake kulienda pamoja na juhudi ndogo, kana kwamba akili imeshaonja matokeo. Kwa hiyo usikae sana kwenye ndoto. Ifikie, kisha ukitaje kikwazo.

Mwili

Kwa hili sitasema mengi. Mikono itatoka jasho, tumbo litachafuka, sauti itatikisika. Watu wengi huzisoma ishara hizo kama ushahidi kwamba hawawezi, na hapo ndipo wanapokosea, maana mwili hujiandaa kwa kazi ngumu kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks alichapisha majaribio ya watu waliokuwa karibu kuimba, kuhutubia au kufanya mtihani wa hesabu. Waliojiambia kwamba wana shauku walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Jaribu kusema kwa sauti, "nina hamu ya kuona itakuwaje". Kisha toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyovuta, na uanze.

Ila kama hofu imekunyima usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, au imekufanya usitoke nyumbani, hilo limepita uwezo wa mwongozo wowote wa malengo. Nenda kamwone mtaalamu wa afya. Kuna matibabu yanayofanya kazi.

Daftari la ushahidi

Kama utachukua jambo moja tu hapa, liwe hili. Tafuta daftari dogo, au upande wa nyuma wa lile unalolitumia. Chora safu nne: tarehe, nilichofanya, nilichodhani kitatokea, kilichotokea. Kila mara unapomaliza hatua, jaza mstari mmoja. Usiandike ulivyojisikia. Hisia zinabadilika kila saa na zitakuyumbisha. Hapa tunataka matukio.

Mstari mmoja wa yule dada ulikuwa hivi. Nilichofanya: maswali mawili ya dozi, yote kwa njia mbili. Nilichodhani: nitakwama kwenye kugawanya. Kilichotokea: nilikwama kwenye la pili, nikaona nimegeuza namba, nikarekebisha mwenyewe. Mstari huo una thamani kubwa kuliko maswali kumi yasiyo na kosa. Ndani yake kuna mtu aliyekosea dozi akaligundua kosa bila kuonyeshwa, yaani kitu kilekile alichokuwa akidhani hana. Nilimwomba auwekee alama pembeni.

Faida ya safu ya tatu na ya nne zikikaa jirani ni kwamba baada ya kurasa chache unaanza kuona jinsi shaka yako inavyotabiri. Mara nyingi inatabiri maafa na yanatokea matatizo ya kawaida. Hakuna anayeweza kukushawishi hilo kwa maneno. Unalisoma kwa mwandiko wako.

Kuna watu ambao hata ushahidi ukiwepo hawaupokei. Pauline Clance na Suzanne Imes waliliandika jambo hili mwaka 1978 baada ya kufanya kazi na wanawake waliofanikiwa sana kimasomo na kikazi, ambao ndani yao waliamini kwamba wamewadanganya watu na siku moja watagunduliwa. Kila mafanikio waliyaita bahati, au kosa la waliowachagua. Ukijitambua hapo, ongeza safu ya tano: nilifanya nini hasa kilicholeta matokeo hayo? Lazima uandike kitenzi. Nilirudia kusoma swali. Niliomba maelezo. Nililala mapema. "Bahati" hairuhusiwi kwenye safu hiyo.

Nani umwambie

Mmoja anatosha. Mchague mtu aliyekutangulia kidogo kwenye njia hiyohiyo, ambaye bado anakumbuka palipomshinda. Bingwa hafai sana kwa kazi hii. Ukimtazama bingwa unaona umbali tu, lakini ukimwona mtu wa hali yako akihangaika na kuvuka, unapata sababu ya kudhani nawe utavuka. Ndiyo maana darasani sipendi kuwaita ubaoni wanaojibu haraka. Naomba aje yule aliyekwama jana akakwamuka leo, atuonyeshe alipokwama.

Mwombe huyo mtu wako kitu cha kupimika. "Nitie moyo" ni ombi gumu kulitimiza. "Kila Jumamosi nitakutumia picha ya ukurasa wa daftari, wewe nijibu tu kwamba umeuona" linatekelezeka. Na akikusifu kwa jambo usilolifanya, mrekebishe kwa upole, kwa sababu sifa ya uongo huanguka siku ya kwanza ngumu na kuondoka na imani uliyoijenga.

Wale wa nyumbani wanaokukatisha tamaa huna haja ya kubishana nao. Wengi wao wanaogopa kwa niaba yako. "Nimesikia, mama, nitaangalia mwishoni mwa mwezi" hufunga mazungumzo bila kumvunjia mtu heshima.

Kuchelewa si hukumu

Malengo mengi niliyoona yakiachwa hayakuachwa kwa kushindwa. Yaliachwa kwa kuchelewa. Mtu anajipa mwezi, mwezi unaisha akiwa nusu ya njia, naye anausoma ucheleweshaji huo kama jibu la shaka yake ya zamani: si nilijua.

Lakini karibu kila mtu hukadiria vibaya. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangemaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 33.9, na waliomaliza walitumia siku 55.5. Hao ni wasomi, wakiikadiria kazi yao wenyewe. Ukichelewa kwa kiasi hicho, kilichokosewa ni makadirio, na uwezo wako haumo kwenye mashtaka. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waandike muda wanaoudhani, kisha waongeze nusu yake hapohapo.

Vivyo hivyo na kuzoea jambo. Phillippa Lally na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walifuatilia watu waliokuwa wakijenga tabia mpya. Wastani wa kufikia mazoea ulikuwa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ulianzia 18 hadi 254. Pia waliona kwamba kuruka siku moja hakukuharibu safari kwa kiasi cha maana. Ukikosa leo, fanya kesho hatua ileile, kwa ukubwa uleule. Usijiadhibu kwa kuifanya mara mbili, maana adhabu hiyo ndiyo itakayokufanya ulikwepe daftari keshokutwa.

Jihadhari na jambo moja linalojificha ndani ya kuchelewa. Wapo wanaoanza kusoma usiku wa mwisho ili, wakishindwa, wawe na la kusema: sikupata muda. Steven Berglas na Edward Jones walilieleza hilo mwaka 1978: mtu anayeshuku uwezo wake hujiwekea kizuizi mapema, ili kushindwa kuhesabiwe kwa kizuizi. Ukijikuta unalalia kazi ambayo kweli unaipenda, rudi kwenye karatasi ya hofu na uandike sentensi mpya. Karibu kila mara ipo ambayo hukuifikisha mwisho.

Ukaguzi wa mwezi

Mara moja kwa mwezi, kaa na daftari. Kama hatua zimekuwa rahisi na safu ya tatu haina utabiri mbaya tena, panda kidogo: swali moja liwe matatu, ukurasa wa siri usomwe na mtu mmoja. Kama kuna wiki mbili tupu, ipunguze hatua kwa nusu kabla hujafikiria kuliacha lengo, na uangalie kama tukio ulilolifungia bado lipo. Mara nyingi ratiba ya kazi imebadilika na "kama" yako imekufa bila wewe kujua.

Halafu jiulize swali hili, tofauti na lile la mwanzo: ningehakikishiwa kwamba nitafanikiwa, ila hakuna mtu atakayejua kamwe, ningeendelea kulitaka? Ukijibu hapana kwa utulivu, miezi mitatu mfululizo, huenda hukuwa unaogopa. Huenda lengo ni la mtu mwingine. Yule mzee wa mjukuu alikuja akisema anataka cheti, kwa sababu wanawe walimtaka awe nacho. Alipojiuliza swali hili alikuta cheti hakitaki hata kidogo. Anachokitaka ni kukaa na mtoto mezani na kumfundisha mpaka amalize shule ya msingi. Tuliandika upya. Aliendelea kuja, na sehemu na desimali alizisoma kwa bidii kuliko waliokuwa na mtihani.

Kulibadilisha lengo kwa njia hiyo kunaruhusiwa, ila usilifanye siku mbaya. Ngoja ukaguzi wa mwezi, andika sababu kwa sentensi moja, kisha fungua ukurasa mpya: ndoto juu, "niweze" chini yake, mipango miwili ya "kama", na hatua ya kwanza ifanyike jioni hiyohiyo ili safu ya tarehe isibaki tupu.